Vidole Vitatu na Dakika Nzima

Wasikilizaji wangu wa Shinyanga mjini, wa Tinde, Kishapu na Kahama, na ninyi mlioko katika machimbo ya Geita, Nyarugusu na Rwamgasa, ambao saa hizi aghalabu mmekwisha kuzima karasha na kuketi kando ya moto, kabla sijasema neno jingine, namwomba kila mwenye nafasi aufunue mkono wake wa kushoto, aulaze kiganja kikiwa juu, kisha aweke vidole vitatu vya mkono wa kulia katika bonde dogo lililo chini ya gumba, baina ya mfupa na kano, wala asilitumie gumba la mkono unaopima, kwa kuwa gumba lina mpigo wake ambao humhadaa mwenye kuhesabu. Asibonyeze kwa nguvu, maana akibonyeza sana huukata mkondo wa damu. Na akigusa juu juu hatasikia kitu. Hapo atamkuta mtumishi ambaye hajapumzika tangu yeye alipokuwa tumboni mwa mama yake. Msihesabu bado. Ushikeni tu, tusemezane.

Mtu mzima aliyeketi kwa utulivu, hana homa, hana hofu, wala hakutoka mbioni, moyo wake hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika. Na tukichukua 70 kuwa kadiri ya wastani, basi tangu jua kuchomoza hata lichomoze tena umekwisha piga zaidi ya mara 100,000. Lakini idadi ina wasaa wake. Mtoto mchanga aliye macho hupita 100, na aweza kufika 160 naye ni mzima wa afya, ilhali kijana aliyezoea kuendesha baiskeli ya mkaa kutoka Tinde hadi mjini aweza kuwa na 50 na asiwe na kasoro yoyote, kwa sababu moyo uliozoezwa hutoa damu nyingi kwa kila pigo na hauna haja ya haraka. Kadhalika watoto na vijana, wakivuta pumzi mapigo yao huongeza mwendo kidogo, wakiitoa hupoa, na mama asiyelijua jambo hili huweza kukesha kwa wasiwasi bure. Tena wapo watu wengi, pengine wewe unayenisikiliza ni mmoja wao, ambao mara moja moja huhisi moyo umeruka pigo, ukanyamaza kitambo, kisha ukagonga kwa kishindo: pigo moja limewahi kabla ya zamu yake, moyo ukangoja kujaa, na lililofuata likaja na damu nyingi zaidi. Chai ya rangi iliyokolea, usiku wa kukosa usingizi, au deni linaloumiza kichwa, vyote huleta hali hiyo. Na ikiwa huja kwa nadra, na mwenyewe hana kizunguzungu, hazimii, wala pumzi haimwishii apandapo kilima, basi si jambo la kumtoa mtu nyumbani usiku.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Nilipokuwa kijana, chuo nimekiacha juzi na koti langu jeupe bado linanuka wanga, nilipangwa katika zahanati moja ya kijijini, na huko nikaendelea na desturi niliyoiona kwa walionitangulia: kushika mkono wa mgonjwa kwa robo dakika, kuzidisha mara 4, kuandika, na kumwita anayefuata, maana foleni ilikuwa inafika chini ya mwembe. Siku moja mwanamke wa umri upatao miaka 40, mkulima wa pamba, aliletwa na mwanawe akiwa ameketi kwenye keria ya baiskeli. Akaniambia, "Daktari, mwanangu, moyo wangu unarukaruka kama samaki aliyetupwa mchangani." Nikamshika robo dakika, nikapata 21, nikaandika 84, nikamwambia, "Mama, mapigo yako mazuri," nikampa dawa ya maumivu na vidonge vya kuongeza damu. Vidole vyangu vilisikia kuwa mapigo yale hayakufuatana: moja kubwa, mawili madogo yaliyobanana, kimya, jingine hafifu, tena kubwa. Vilisikia, lakini mimi nilikuwa nahesabu, sikuwa nasikiliza.

Haikutimia mwezi akarudi, safari hii juu ya mkokoteni wa ng'ombe, upande wake wa kulia umelegea wote, mdomo umekwenda kando, naye hana neno hata moja. Nilifuatana naye hadi hospitali kubwa, na huko muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, hakunilaumu, aliweka mpira wa kusikilizia chini ya titi la kushoto la mgonjwa, akaniamuru nishike mkono, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Anza." Tulihesabu dakika nzima. Yeye alipata 126 kifuani; mimi nilipata 88 mkononi. "Thelathini na nane yamepotea njiani," akasema. "Kaandike hesabu zote mbili." Mama yule aliishi. Ila katika kijiji chao yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo wanakikundi walipolima kwa safu, na tangu siku ile majembe yao yalifuata sauti ya mtu mwingine.

Katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia cha moyo liko fundo dogo la nyama ambalo hutoa amri ya umeme kwa kila pigo, wala halingoji kuamriwa na ubongo. Waliolitangaza mwaka 1907 ni Arthur Keith na mwanafunzi wa utabibu Martin Flack, ambaye alikuwa ameliona kwanza katika moyo wa fuko, mnyama yule mchimba udongo. Mwaka mmoja kabla yao Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg huko Ujerumani, alikuwa ameeleza fundo la pili lililoko mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini, ambalo mimi hupenda kuliita bawabu: amri ikifika kwake huizuia kitambo, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, kisha huiachia ishuke. Katika maradhi ya mama yule, fundo la juu lilikuwa limepokonywa amri. Vyumba vya juu havikuwa vikipiga tena bali vilikuwa vikitetemeka, amri 400 au 500 zikizuka kila upande kwa dakika moja, mfano wa mnada wa ng'ombe ambao kila mwenye ng'ombe ananadi wake kwa wakati mmoja. Na bawabu, asijue amsikilize nani, akawa anapitisha amri bila utaratibu, mbili zikifuatana, kisha hakuna, kisha moja. Pigo linalokuja kabla chumba cha chini hakijajaa hutoa damu kidogo mno hata mshipa wa mkono usiinuke, na hiyo ndiyo sababu ya hesabu mbili kuhitilafiana. Mashine za kupima presha zinazojiendesha zenyewe, ambazo sasa zimeenea hata madukani, hutatizika mbele ya moyo wa namna hii, na pengine hutoa tarakimu safi isiyo na ukweli ndani yake.

Wala ilimu hii si ngeni katika ulimwengu wa Mashariki. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba aliutenga mpigo ulio sawa na usio sawa, kisha ule usio sawa akaugawa mara ya pili: upo ambao kasoro yake hurudi kwa mpango, na upo ambao hauna mpango hata kidogo. Neno alilolitumia kwa mpango huo lina mzizi ule ule uliotupa sisi neno nidhamu. Hakuwa na mashine yoyote, hata ile ya kuandika umeme wa moyo ambayo Mholanzi Willem Einthoven alipewa kwa ajili yake tuzo ya Nobel mwaka 1924. Alikuwa na vidole, na subira. Mimi naona kwamba katika zahanati zetu, ambako kipimo cha umeme wa moyo aghalabu hakipo, swali la Ibn Sina ndilo la kwanza kuuliza: si mangapi tu, bali je, yana nidhamu? Na swali hilo halijibiki kwa robo dakika.

Huko Ulaya maradhi haya ya vyumba vya juu kutetemeka huwa zaidi ni ya wazee. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, hawakumkuta hata mmoja kwa kila 100 aliye nayo. Kwetu yana njia nyingine ya kuingilia, nayo huanzia kooni mwa mtoto. Mtoto huugua mafindofindo yaletwayo na bakteria, mzazi humsukutuza maji ya chumvi, koo hupona. Baada ya wiki mbili au tatu viungo huvimba kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko, navyo hupona. Lakini kinga ya mwili, katika kumpiga adui, imeupiga pia mlango wa moyo wa kushoto kwa kuudhania ni adui, na kila homa hiyo ikirudi huupiga tena, hata mlango ukakakamaa na kuwa mwembamba kama tundu la kifungo. Damu ikisongamana nyuma ya mlango huo, chumba cha juu hutanuka mwaka baada ya mwaka, na chumba kilichotanuka hakishiki nidhamu. Kikianza kutetemeka, damu iliyomo hutuama katika kona zake na kuganda, kama maziwa yaliyosahauliwa ndani ya kibuyu. Kipande cha mgando kikikatika hupanda na mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kilichoinyamazisha sauti ya mama yule, na huenda safari yake ilianza alipokuwa binti wa miaka 9 anayelia kwa maumivu ya koo.

Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kupata homa ya viungo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, naye aliyefika kwenye kutetemeka hupewa vidonge vya warfarini ili damu isigande. Dawa hii ina masharti mazito, kwani ikipungua mgando hurudi na ikizidi mtu hutokwa damu, hivyo lazima damu ipimwe mara kwa mara, na mwanamke anayetaka kuzaa aseme mapema kwa daktari wake kwa kuwa dawa yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wagonjwa wengi wameambiwa waache mboga za majani, nami nasema kwa uwazi kuwa amri hiyo si sahihi: nsansa, mchicha na matembele hupunguza nguvu ya dawa, lakini anayekula kwa kadiri ile ile kila wiki hupangiwa dozi inayolingana na chungu chake. Hatari iko kwa yule anayekula ugali na maziwa miezi mitatu, kisha mvua zikinyesha akala mboga asubuhi na jioni. Zimekuja dawa mpya zisizohitaji kupima damu, na watu wamezitamani kwa haki. Lakini utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2022, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,000 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini ambao milango yao ya moyo iliharibiwa na homa ya viungo, ulionyesha kwamba waliotumia dawa ya kale, yaani warfarini na jamaa zake, walikufa wachache zaidi.

Si kila moyo wenye mbio ni mgonjwa, na hapa nawasihi wauguzi wenzangu tuwe na hadhari. Joto la mwili likipanda kwa digrii moja, mapigo huongezeka yapata 10. Mtoto mwenye malaria, mzazi aliyepoteza damu, binti mwenye seli mundu ambaye damu yake imepungua, mchimbaji aliyeshinda ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, akitokwa jasho bila maji, wote hao mioyo yao hukimbia kwa sababu ya haki, na kuizuia mbio hiyo kwa dawa ni kumpokonya fimbo mtu anayevuka mto. Tibu homa, rudisha maji, ongeza damu, nao moyo utatua wenyewe. Mbio za maradhi zina alama yake: huanza ghafla mtu ameketi tu, hupanda mara moja hata 180 na zaidi, hazibadiliki akilala wala akisimama, kisha hukatika ghafla kama zilivyokuja.

Na maadamu tumeitaja malaria, kipo kisa kimoja ambacho hunistaajabisha kila nikikikumbuka. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi, aliyeizoea kwinini katika nchi za homa, alimwendea tabibu Karel Wenckebach akiwa na mapigo yasiyo na nidhamu, akamwambia kuwa yeye huyanyoosha mwenyewe kwa kumeza kwinini. Tabibu hakusadiki, na kesho yake mgonjwa akarudi na mapigo yaliyonyooka. Kutokana na habari ile ilipatikana dawa ya moyo, ndugu wa kwinini, iliyotumika kwa miaka mingi. Lakini kitu chenye uwezo wa kuunyoosha moyo kina uwezo wa kuupotosha pia, na ndiyo maana sisi tuliotundika dripu za kwinini miaka ile tulifundishwa kuiachia idondoke kwa saa 4, wala isisukumwe kwa sindano mshipani hata mgonjwa awe mahututi namna gani. Asijitibu mtu kwa kisa cha Mholanzi yule.

Kuna moyo wa pole vilevile. Bawabu akishindwa kabisa kupitisha amri, vyumba vya chini hujiamria vyenyewe, 30 au 40 kwa dakika, na mzee aliye katika hali hiyo huanguka bila kutazamiwa, hupauka, pengine hutetemeka mikono, kisha hurudiwa na fahamu na uso wake ukawa mwekundu. Wengi wa hao wamepewa dawa za kifafa, na wengine wamepelekwa kwa waganga kutolewa mashetani. Anayekuwapo mzee akianguka ashike mkono wake pale pale. 34 iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi itamfaa daktari kuliko maelezo marefu. Tiba ipo: ni betri ndogo inayowekwa chini ya ngozi ya kifua, ambayo mtu wa kwanza kuwekewa mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958, naye akaishi hadi mwaka 2001. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika viwanja vya Muhimbili, huziweka betri hizo hapa hapa nchini. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000, na hata hospitali ya kilima cha Bugando, Mwanza, iko mbali kwa mwenye kuuza mbuzi ili apate nauli. Kwa hiyo anayemwandikia mgonjwa rufaa lazima awe na hakika ya alichokisikia kwa vidole vyake.

Limebaki jambo ambalo ningeweza kulipita, lakini nafsi yangu hainiruhusu. Mtu mwenye nguvu zake akianguka na kufa shambani au kando ya shimo, katika nchi yetu hii huulizwa kwanza ni nani aliyemfanyia. Wazee wetu wa kike wameuawa kwa mapanga katika mkoa huu, ushahidi ukiwa ni macho mekundu, ambayo yalifanywa mekundu na moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia watoto wetu uji. Vyumba vya chini vya moyo vikiingiwa na mtetemeko ule niliousimulia wa vyumba vya juu, damu husimama pale pale, na mtu huanguka kabla hajamaliza sentensi: moyo uliotanuka waweza kufanya hivyo, na umeme wa pampu katika duara lenye maji waweza kufanya hivyo. Hakuna mkono wa bibi yeyote ndani yake.

Radi kadhalika. Mwezi wa Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi 6 wa shule moja mjini Geita, na maneno ya radi ya kutumwa hayakosekani kila inapopiga. Radi huuzima moyo wote kwa mara moja. Lakini lile fundo la Keith na Flack, kwa kuwa halingoji amri ya mtu, mara nyingi huamka lenyewe na kuanza upya. Kinachochelewa kuamka ni pumzi, na moyo ulioamka ukikosa pumzi hufa mara ya pili. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, ni halali kumgusa. Naye wa pampu, zima umeme kwanza. Kisha mpulizie pumzi mdomoni, na kama mpigo haupo au huna hakika, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu hadi kizame kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kuchoka. Msimmwagie maji, msimzike mchangani, na mahali walipoanguka wengi, anzeni na yule anayeonekana amekufa, kwani anayelia anapumua.

Vidole vyenu vingali pale pale? Fundi mitambo amekubali kuniachia dakika moja bila muziki wala tangazo. Aliye na mgonjwa kitandani amshike yeye badala ya kujishika mwenyewe, na aliye na karatasi aiweke karibu. Mkono wa sekunde unafika kwenye 12. Anzeni.